Maswali ya wasomaji: Mpira unampita mtoto kabla raketi haijafika

Barua za mwezi huu zimekutana kwenye jambo moja. Wazazi, walimu na wachezaji wenyewe wanauliza kwa nini mtoto mwenye mbio, mwenye nguvu na anayejituma bado anagonga mpira ukiwa umeshampita. Tumejibu barua saba. Atakayezisoma zote ataona tunarudi mara kwa mara palepale: mara nyingi mkono wa mtoto hauna kosa. Kilichochelewa ni jicho, bega au mguu, na wakati mwingine mpira wenyewe si wa umri wake.

Binti yangu ana miaka 9, huu ni mwaka wake wa pili wa tenisi. Kocha anasema ana mikono mizito. Ameshauri tumnunulie zile taa za kugusa zinazowaka moja moja ili aongeze wepesi. Ni ghali kwetu. Tununue? (Mama wa Mbezi, Dar es Salaam)

Mama, fedha hizo ziweke kwanza. Tuhesabu pamoja.

Uwanja wa tenisi una urefu wa mita 23.77. Mpira uliopigwa kutoka mstari wa nyuma wa upande wa pili, ukienda kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa, hukata karibu mita 14 kila sekunde. Utamfikia binti yako baada ya sekunde 1.7 hivi. Mtoto wa miaka 9 huhitaji kiasi cha sekunde 0.3 kuona jambo na kuanza kusogea, na akilazimika kuchagua kulia au kushoto muda huo huongezeka. Hata hivyo hubaki na zaidi ya sekunde moja, na hakuna mkono wa mtoto unaochukua sekunde nzima kuzungusha raketi. Basi muda unapotelea wapi?

Siku ya mazoezi simama kwenye nguzo ya wavu, umtazame mtoto na si mpira. Tunakaribia kuwa na hakika utaona hivi: kocha anagonga, mpira unaruka, na binti bado amesimama kifua kikielekea wavu, raketi mbele ya tumbo, mpaka mpira uvuke wavu. Hapo sekunde 0.8 zimeshakwenda. Ndipo anageuka, anakimbia na kuvuta raketi nyuma, yote kwa pamoja. Mpira unadunda, unapanda hadi usawa wa bega lake, naye anaugongea karibu na mfuko wa nyuma wa kaptula, kiwiko kimebanwa ubavuni na mwili umeegemea nyuma. Kama anatumia mkono wa kulia, mipira yake ya forihendi (pigo la upande wa mkono ulioshika raketi) itakuwa inatoka nje upande wa kulia. Hiyo ndiyo sura ya kuchelewa, na imeanzia kwenye bega. Taa za kugusa, zikimsaidia sana, zitampunguzia sehemu ndogo ya sekunde, tena kwenye kazi ya kugusa taa. Bega likigeuka mapema linamrudishia karibu nusu sekunde.

Kanuni ya kumfundisha ni moja: bega ligeuke kabla mpira haujavuka wavu. Kocha amrushie mpira kwa mkono akiwa upande wa pili, mmoja kulia, mmoja kushoto, bila mpangilio. Mtoto ataje "kulia" au "kushoto" kwa sauti huku akigeuza mabega, na neno limtoke mpira ukiwa bado upande wa kocha. Awamu tatu za mipira 12, na dakika moja ya kupumua katikati. Kwa umri huo dakika 20 zinatosha. Zikizidi, macho yanachoka kabla ya miguu na anarudia makosa yaleyale. Kuna kosa moja la makocha hapa: wao ndio wanaopaza sauti, "Geuka! Rudi nyuma!" Mtoto anajifunza kusubiri sauti, na siku ya mechi sauti hiyo haipo.

Zoezi la pili ni la kujua tatizo liko wapi. Mtoto aseme "dunda" mpira unapogusa ardhi na "piga" raketi inapougusa. Msikilize. Neno "dunda" likitoka mpira umeshaanza kupanda, hafuati mpira kwa macho hadi chini. Maneno yote mawili yakiwa sahihi lakini mpira bado unagongewa nyuma, basi anavuta raketi mbali mno, mara nyingi mpaka inajificha nyuma ya mgongo. Mwambie raketi isivuke mstari wa bega la nyuma, na mpira aukute mbele ya mguu wa mbele kwa kiasi cha rula moja.

Sasa mpira wenyewe. Muulize kocha ni wa rangi gani. Tangu Januari 2012 sheria za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi haziruhusu mpira wa kawaida wa njano katika mashindano ya watoto wa miaka 10 kwenda chini. Ipo mipira mitatu: mwekundu, wa rangi ya chungwa na wa kijani, na kila mmoja ni wa polepole kuliko unaoufuata. Ukiangusha mpira wa njano kutoka sentimita 254 hupanda hadi kati ya 135 na 147. Wa chungwa hupanda 105 hadi 120. Mwekundu 90 hadi 105. Kwa mtoto wa miaka 9, mpira wa njano hufika begani au hata kichwani, na hapo hakuna ufundi utakaomsaidia. Unaomfaa sasa ni wa chungwa, kwenye uwanja uliofupishwa hadi mita 18 hivi, na raketi ya inchi 23 hadi 25. Akisimama wima na mkono ukining'inia, ncha ya raketi iguse sakafu bila kukunja kiwiko. Usione kama anarudishwa darasa. Anapewa muda wa kuona, na jicho hujifunza palipo na muda.

La mwisho kwake ni miguu. Mpinzani anapoanza kupeleka raketi mbele, mtoto aruke kidogo sana, sentimita mbili tatu, miguu ikipanuka zaidi ya upana wa mabega, atue kwa nyayo za mbele wakati uleule mpinzani anapogonga. Misuli ya mapaja inakuwa imeshakazwa na mguu wowote unaweza kusukuma. Wengi huruka juu mno, wakatua mpira umeshaondoka. Hao wangekuwa salama zaidi wasingeruka kabisa. Zoezi lake halihitaji uwanja: wewe dundisha mpira sakafuni, yeye atue mpira unapogusa chini. Sikilizeni. Viatu na mpira vikitoa sauti moja, amepata. Mkisikia sauti mbili, "ta-ta", bado.

Mwanangu wa miaka 7 nimempima kwa rula: naiachia, anaidaka. Anaikamata kwenye sentimita 28 na kaka yake kwenye 18. Ina maana hafai kwa mchezo wa raketi? (Baba, Moshi)

Hapana. Rula ikishuka sentimita 20 muda ni sekunde 0.20, 25 ni 0.23, 30 ni 0.25. Tofauti kati ya wanao wawili ni kama sekunde 0.05, na sehemu kubwa ya hiyo ni umri tu. Wepesi huu huongezeka wenyewe mwaka hadi mwaka mpaka ujanani. Ukitaka kupima sawasawa, mwache ajaribu mara 10, tupa tatu za mwanzo, chukua ya katikati katika zilizobaki. Lakini usimchague wala kumkataa mtoto kwa rula. Rula haina mpinzani, haina wavu, na hakuna pa kukimbilia.

Niko Nairobi, nina miaka 15, nacheza badminton shuleni. Kwenye programu ya simu ya kupima wepesi napata milisekunde 190, hakuna mwenzangu anayenifikia. Lakini smashi (mapigo makali ya kushusha) zinanipita, na hao ninaowashinda kwenye simu wanazirudisha. Shida iko wapi?

Mdogo wetu, simu imekupima jambo moja: taa moja ikiwaka, kidole kimoja kinabonyeza. Uwanjani kinyoya, kile mnachopiga badala ya mpira, kinaweza kuja kulia, kushoto, kifuani, au mpinzani akazuia mkono na kukidondosha mbele ya wavu. Tangu mwaka 1952 mtafiti William Hick alionyesha kwamba machaguo yakiongezeka, muda wa kuitikia unarefuka. Milisekunde zako 190 hazifiki uwanjani zikiwa 190. Wenzako wanapata nini basi? Wanaanza kusoma kabla yako, na kwa kusoma wanapunguza machaguo kutoka manne hadi mawili.

Miaka ya 1980 mtafiti Bruce Abernethy wa Australia aliwaonyesha wachezaji wa badminton filamu zilizokatwa kabla kinyoya hakijagongwa, wabashiri kitaangukia wapi. Wachezaji stadi walipata dalili kwenye mkono na raketi kwa pamoja, wanaoanza walitegemea raketi peke yake. Mkono hutangulia raketi, kwa hiyo anayesoma mkono anajua mapema. Nawe kwa bahati mbaya huenda unatazama kinyoya kikiwa hewani, maana ndicho kinachong'aa kama taa ya simu.

Jifunze hivi. Mwombe mwenzako asimame nyuma ya uwanja wako na simu kwenye usawa wa macho yako, arekodi mpinzani akipiga smashi, kinyoya cha juu cha nyuma na cha kudondosha, jumla 20, vimechanganywa. Nyumbani fungua video, isimamishe picha tano kabla ya raketi kugusa kinyoya. Kwa video ya kawaida ya picha 30 kwa sekunde, hiyo ni kama sekunde 0.17 kabla. Taja: nyuma au mbele, kulia au kushoto. Kisha endelea uone. Andika ulizopata. Dakika 10, mara tatu kwa wiki, na badilisha wapinzani, la sivyo utakariri video. Dalili za kutafuta: kiwiko kinachopanda juu na mbele kwa kasi kinaleta smashi, mkono ukipunguza mwendo mwishoni, tarajia cha kudondosha, akikutana na kinyoya kikiwa nyuma ya kichwa chake, hawezi kukishusha kwa ukali, songa mbele bila woga.

Halafu kagua mambo mawili ya mwili. Raketi iwe mbele ya tumbo, si kando ya paja; toka pajani hadi kifuani ni safari ndefu kuliko unavyodhani. Na legeza vidole. Wengi wakiogopa smashi wanaubana mpini mpaka mishipa inatokeza, na mkono uliobanwa hauwezi kubadili mshiko. Shika kama umeshika yai, ukaze wakati wa kugusa tu. Wala usijaribu kuzungusha raketi: ulinzi wa smashi ni kusukuma kwa vidole na kiganja, sentimita 20 hadi 30 zinatosha. Kasi tayari ipo kwenye kinyoya.

Kuhusu kasi hiyo, usiitishike kupita kiasi. Mwaka 2023 Guinness, watunza rekodi za dunia, walitangaza smashi ya Satwiksairaj Rankireddy wa India iliyofika kilomita 565 kwa saa, lakini hiyo ni kasi ya kutoka kwenye raketi. Kinyoya hupunguzwa na hewa kuliko mpira wowote, kikikufikia kimeshapoteza sehemu kubwa ya mwendo. Ndiyo maana hatua moja kurudi nyuma hukupa muda mwingi kuliko hatua hiyohiyo kwenye tenisi.

Jambo la Nairobi hasa: mji uko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kinyoya kinaenda mbali zaidi. Kama shule imenunua vinyoya vinavyofaa mahali pa baridi usawa wa bahari, mnajifunzia wakati usio sahihi. Kipimo kipo kwenye sheria za mchezo: simama kwenye mstari wa nyuma kabisa, piga kwa nguvu zote kutoka chini kwenda juu, sambamba na mstari wa pembeni. Kinyoya kianguke kati ya sentimita 53 na 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Kikipita hapo, tafuteni chenye namba ndogo kwenye kopo, kwa mfano 75 badala ya 77. Msikunje ncha za manyoya kukipunguza kasi kwa mazoezi ya ulinzi, maana kitaanza kuyumba na jicho halitajua liamini nini.

Nafundisha michezo shule ya msingi Kisumu. Nina wanafunzi 40, raketi 6 za tenisi na mipira 20 mikuukuu tuliyopewa na klabu. Uwanja ni wa murram, na kuna ukumbi wa saruji mbele ya madarasa. Naanzia wapi kuwafundisha kupatia wakati wa kugonga? (Mwalimu)

Mwalimu, mipira mikuukuu ni mali, ila iteue. Chora kwa chaki ukutani mistari mitatu: sentimita 60, 70 na 80 kutoka sakafuni. Mwingine juu, sentimita 150. Angusha kila mpira kutoka mstari wa juu, bila kuusukuma. Mpya wa njano ungepita mstari wa 80. Unaoishia kati ya 60 na 70 unadunda karibu sawa na mpira wa chungwa: huo ni wa darasa la tatu na la nne. Ulio chini ya 60 una mdundo wa mwekundu, wape wadogo. Uliopita 80 weka kwa wakubwa. Tia alama ya kalamu ya wino mzito isiyofutika, maana baada ya siku mbili itachanganyika.

Tahadhari moja: mpira uliochoka unadunda chini lakini uzito wake haujapungua, bado ni gramu 56 hivi na hewani unakwenda kwa kasi ileile. Mpira mwekundu halisi ni mkubwa na mwepesi zaidi. Kwa hiyo punguza kasi kwa njia nyingine: mpira urushwe kwa mkono, kutoka chini ya kiuno, mita 5 hadi 6 kutoka kwa mpigaji. Tumia ukumbi wa saruji. Kwenye murram mpira hugonga kokoto ukapinda, na mtoto anayeanza atadhani kosa ni lake.

Raketi 6 zinakupa vikundi 6 vya watoto wanne: mrushaji, mpigaji, mdakaji nyuma ya mrushaji, na mwamuzi. Kazi ya mwamuzi ni kumtazama mpigaji tu. Mpira unapodunda, raketi iwe imeshakuwa nyuma. Ikiwa bado mbele, mwamuzi anagonganisha viganja vyake mara moja, kofi moja. Asiseme neno. Baada ya kofi tatu nne mpigaji hujirekebisha mwenyewe, na mwamuzi naye amejifunza kuona, jambo ambalo kwa maoni yetu lina thamani kuliko mipira 20 ya ziada.

Watoto 16 waliobaki wakae wawili wawili na mpira mmoja, bila raketi. Mmoja ananyoosha mkono usawa wa bega na kuuachia mpira. Mwenzake amesimama hatua mbili mbele yake, mikono mapajani, audake kabla haujadunda mara ya pili. Ana kama sekunde moja. Akifaulu mara tatu mfululizo, arudi nyuma nusu hatua. Wakishazoea, mwenye kuachia ashike mipira miwili, mmoja kila mkono, aachie mmoja: sasa kuna kuchagua. Badilisha vikundi kila baada ya dakika 8.

Ukuta nao utumie, lakini kwa mpango. Chora mstari sentimita 90 kutoka chini, urefu wa wavu. Mtoto asimame mita 4 hadi 5, apige juu ya mstari, na aruhusiwe midundo miwili kabla ya kurudisha. Watoto hupenda kusogea mpaka mita 2, wakapiga kwa kasi kama ngoma. Kinachotokea hapo ni mkono kujifunza kukatisha pigo, maana mpira unarudi kabla raketi haijavutwa. Weka jiwe au kiatu mahali pa kusimama na usiruhusu mtu kulivuka.

Kwa wa miaka 5 na 6 usianze na mpira. Puto linatosha, au mpira wa matambara wa kupigwa kwa kiganja bila kudunda. Puto hushuka polepole kiasi kwamba mtoto anapata muda wa kukosea na kujisahihisha pigo lilelile.

Mwanangu ana miaka 13 na nusu. Mwaka jana alikuwa wa kwanza katika rika lake kwenye skwashi. Miezi minne hii hagongi mpira vizuri, anagusa kwa fremu, analalamika goti. Ameishiwa hamu? (Mzazi, Dar es Salaam)

Mpime urefu kabla ya kumpima hamu. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kuu karibu na miaka 14, wasichana karibu na 12, na mwaka huo mmoja unaweza kuleta sentimita 8 au 9. Mkono umerefuka na ncha ya raketi iko mbali kuliko ubongo wake unavyokumbuka, ndiyo sababu anagusa kwa fremu: anasimama pale alipokuwa anasimama mwaka jana, na sasa yuko karibu mno na mpira.

Kwa miezi kadhaa punguzeni mechi, ongezeni mipira ya kurushiwa. Vipindi viwili kwa wiki, mipira 60 kila kipindi, polepole, kazi yake ikiwa ni kutafuta umbali mpya kati ya mwili na mpira. Rudini pia kwenye mpira wa nukta ya buluu, unaodunda zaidi kuliko wa nukta mbili za njano na kumpa muda wa kujipanga. Mwambie wazi kwamba mwili umebadilika na kwamba itapita. Kijana asiyeambiwa hudhani kipaji kimemtoka.

Goti ni habari nyingine. Kama maumivu yako kwenye kifundo cha mfupa chini kidogo ya pia ya goti, na yanazidi akiruka au akipiga magoti, huenda ni mvutano wa kano mahali mfupa unapokua. Acheni kuruka na kuchuchumaa kwa kasi, apelekwe kwa daktari, na asichezee juu ya dawa ya maumivu. Na kwa kuwa umetaja skwashi: miwani ya kinga, kila anapoingia uwanjani. Mpira ule unaingia kwenye tundu la jicho sawasawa.

Kocha anataka watoto wa miaka 10 hadi 12 wafike mazoezini saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla ya shule. Anasema asubuhi wako wepesi. Ni kweli? (Mama, Arusha)

Umri huo unahitaji kulala saa 9 hadi 12. Kama mtoto anaamka saa kumi na robo ili kuwahi, alitakiwa awe amelala saa moja jioni, na sijui nyumba ambayo hilo linawezekana siku za shule. Asiyelala vya kutosha huchelewa kuitikia na hukosa umakini, kwa hiyo kocha anafundisha wepesi huku anauondoa. Kuna pia giza: macho yanahitaji mwanga mzuri kuona mpira ukitoka kwenye raketi. Omba mazoezi ya saa kumi jioni mara tatu kwa wiki.

Kijana wangu wa miaka 11 anacheza tenisi ya meza hapa Kampala. Akicheza na mashine ya kurusha mipira hapitwi na hata mmoja. Akikutana na mtoto mwenzake anapoteza kwa sevu (pigo la kuanzisha) tu. Tumekosea wapi? (Baba)

Mzee, mashine haina mkono. Mtoto wako amejifunza mdundo wake: tundu linatema, anahesabu, anagonga. Hakuna bega la kusoma, hakuna mzunguko unaobadilika bila taarifa. Meza ina urefu wa mita 2.74 tu. Mpira ukienda mita 8 kwa sekunde unaikata yote kwa sekunde 0.34, kwa hiyo asiyesoma kabla ya mguso hana muda wa kusoma baadaye.

Mashine ibaki kwa dakika 10 za mwanzo, ya kunyoosha pigo. Baada ya hapo kaa wewe au kocha na beseni la mipira 60, mrushie kwa raketi, bila mwendo maalumu: miwili ya haraka, mmoja wa kuchelewa, mmoja mfupi wa kando. Vuta pumzi kati ya mpira na mpira kwa muda usiolingana. Mara tano au sita za kwanza atakasirika. Endelea.

Kwenye sevu, mfundishe kuangalia mahali pamoja: raketi ya mpinzani inapogusa mpira. Ikipita chini ya mpira na kukata mbele, mpira una mzunguko wa nyuma. Ukidunda upande wake utasita na kukaa chini, na akiugonga kwa raketi iliyosimama utaingia wavuni. Ikipanda juu ya mpira, una mzunguko wa mbele. Utaruka kwa kasi kumfuata kifuani. Huu wa pili ndio unaomfanya aonekane mzito. Kosa si wepesi, amesubiri urefu wa mdundo ambao haukuja. Tenga wiki mbili za sevu tu: mpigie sevu 40 kwa siku, yeye asirudishe, ataje "nyuma" au "mbele" kabla mpira haujavuka wavu. Akipata 30 kati ya 40, aanze kurudisha, na aukute mpira kwenye kilele cha mdundo. Wanaoukuta ukiwa bado unapanda wanahitaji miaka, na wanaoungoja ushuke wanampa mpinzani muda wa kujipanga.

Mfunze pia kusikia. Mpira uliopigwa bapa unatoa mlio mkali, uliochunwa kwa mzunguko unatoa mlio mzito, mfupi, kama unavutwa kwenye mpira wa raketi. Sikio huitikia haraka kuliko jicho, na kwenye meza fupi hiyo tofauti inatosha kumwahisha. Kwa hiyo zimeni redio ukumbini wakati wa mazoezi ya sevu, na mipira iliyopasuka iondolewe kwenye beseni, kwa kuwa mlio wake unadanganya.